Mikataba 14 na Sina Hata Barua Moja: Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi Wangu Wawili

Miritini, Mombasa
Mei 2025

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu wa kampuni ya maghala ya chai niliyoifanyia kazi, na
Mkurugenzi wa kampuni ya ajenti iliyonipeleka huko.

Waheshimiwa Wakurugenzi,

KUH: KAZI YA AJENTI KAMA NJIA YA KUTOKA KWENYE UKOSEFU WA AJIRA

Pokeeni salamu zangu za heshima.

Nawaandikia nyote wawili kwenye karatasi moja kwa sababu nilipowaandikia mmoja mmoja, kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono Januari mwaka huu, mpaka geti la ghala. Nikaambiwa mimi si mfanyakazi wa hapo, niende kwa ajenti. Ya pili nikaipeleka ofisi ya ajenti, nako nikaulizwa: kazi ulimfanyia nani? Rudi ghalani. Ya tatu na ya nne nilizituma kwa baruapepe kwenu nyote, kimya. Mwezi Machi nilikaa kwenye benchi la ofisi ya ajenti tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Binti wa mapokezi, mwenye adabu zake, aliniletea maji ya kunywa mara mbili. Hakuna mwingine aliyenisemesha.

Majina yenu siyaandiki hapa. Sitafuti kumwaibisha mtu, natafuta kujibiwa.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2012, nikasomea cheti cha kutunza maghala, kisha nikazunguka na bahasha ya vyeti Shimanzi, Changamwe na Jomvu kwa miaka kadhaa. Anayeishi Mombasa anajua kwamba hapa mizigo ndiyo chungu cha nyumba nyingi. Treni ya mizigo ya SGR, reli mpya ya kisasa, ilipoanza Januari 2018 kubeba makontena moja kwa moja hadi Nairobi, yadi za huku kwetu zilipunguza watu, na mume wangu alikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo Machi 2021, ajenti alipotukusanya ukumbini na kutwambia kwamba kazi yake ni daraja, kwamba unaingia miezi mitatu, kampuni inakuona unavyofanya, halafu inakuchukua, niliyashika maneno yale kwa mikono miwili.

Sisemi kwamba yalikuwa uongo mtupu. Mkataba ule wa kwanza ulinifaa kweli. Mtu aliyekaa nyumbani miaka mitatu anasahau hata namna ya kuamka na saa. Nilijifunza mizani, nikajifunza alama za mashamba na namba za loti, nikajua kutenganisha chai ya Kericho na ya Rwanda kwa kuangalia gunia tu. Chai ya nchi karibu kumi inapitia mnada wa Mombasa, na kilo zake lazima mtu azisome na kuziandika. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikikosea kilo moja kwenye daftari, ni kilo moja ambayo mnunuzi wa Karachi au Cairo ataidai. Kwa miezi 45 hakuna daftari langu lililorudishwa. Nawaomba mlikumbuke hilo mnaposoma yafuatayo.

1. Miezi mitatu iliyorudiwa mara 14

Kati ya Machi 2021 na mwisho wa 2024 nilitia sahihi mikataba 14. Kila mmoja ulikuwa wa miezi mitatu, na baina ya mmoja na mwingine naambiwa nikae nyumbani wiki moja. Mikataba yenyewe ilisainiwa getini, karatasi zikiwa zimewekwa juu ya boneti ya pikapu, foleni nyuma yangu, na anayesimamia anasema haraka haraka jamani, shifti inaanza. Nakala sikupewa hata moja.

Wiki ile ya nyumbani haikuwa likizo, maana haikulipwa. Wala kazi haikuwa imekwisha. Mwenzangu aliyemaliza wiki yake ndiye aliyekalia kiti changu, nami nikirudi mwingine anatoka. Mizani haikukaa bila mtu hata siku moja. Chai haina wiki ya kukaa nyumbani.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haandikwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya siku zake kufika miezi mitatu au zaidi, basi ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Najua mawakili wenu watasema mimi sikuwa kibarua, nilikuwa na mkataba wa muda maalumu. Sawa. Basi mbona nililipwa kwa siku, na siku nisipoitwa silipwi? Na kama nilikuwa wa mkataba, ziko wapi siku 21 za likizo yenye malipo ambazo sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi kila baada ya miezi 12?

Wazee wetu wana msemo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, nikalilimia karibu miaka minne, na bado naitwa mgeni.

2. Bei yangu na ujira wangu

Kwenye mizani ya pili alikaa dada aliyeajiriwa na kampuni moja kwa moja. Shifti moja, daftari moja, vumbi moja. Yeye alikuwa na mshahara wa mwezi, posho ya nyumba na siku za ugonjwa. Tulipatana sana, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kazi. Kifungu cha 5 cha sheria kinataka kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Sijaona popote kinaposema isipokuwa mmoja awe ameletwa na ajenti.

Mwaka 2023 nilitumwa kupeleka faili ofisi ya hesabu. Juu ya meza palikuwa na ankara ya ajenti ya mwezi ule. Sikupekua. Ilikuwa wazi, na mimi kazi yangu ni kusoma tarakimu. Iliandikwa: makarani, kila mmoja kwa siku, KSh 1,250. Mimi kwa siku nilikuwa napokea KSh 750. Nilisimama pale mpaka karani akaniuliza kama kuna jambo. Nikasema hakuna.

Najua ajenti ana kodi ya ofisi, ana bima, ana michango ya kulipa, na amehangaika kunitafuta. Halali yake siikatai. Ninachouliza ni kwa nini kazi ya kunitafutia nafasi, iliyofanyika mara moja mwaka 2021, iliendelea kukatwa KSh 500 kila siku niliyofanya kazi hadi 2024. Na namuuliza Mkurugenzi Mkuu wa ghala: ikiwa ulikuwa na KSh 1,250 za kulipia kazi yangu kila siku, ni nini kilichokuzuia kunipa mimi hata KSh 1,000 na kubaki na faida?

Neno hili kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19, hapa pwani na Unguja, mabwana walikuwa wakiwatuma watumwa wao mjini kufanya kazi za kutwa, na mtumwa anagawana ujira wake na bwana. Mimi nilikuja kwa miguu yangu na ningeweza kuondoka, kwa hiyo sijifananishi nao. Lakini babu yangu alikuwa kuli bandarini, kijana wa miaka 20 wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, na alikuwa akisema kwamba watu hawakukasirishwa na uchache wa pesa peke yake. Walikasirishwa na kutojulikana. Leo upo, kesho haupo, na hakuna anayekuuliza jina. Nimelifahamu neno lake nikiwa mtu mzima, mbele ya meza ya hesabu.

3. Hakuna karatasi

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Januari mwaka huu niliitwa kwenye usaili na kampuni nyingine inayotafuta karani wa ghala. Kazi ya kudumu. Wakanipeleka ghalani, wakaniwekea magunia, nikapima, nikaandika, na msimamizi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha tukarudi ofisini. Akafungua bahasha yangu, akaona cheti cha 2012, cheti cha maghala, halafu hakuna kitu. Akaniuliza kwa upole: mama, hii miaka minne ulikuwa wapi?

Nikamwambia. Akaomba barua ya mwajiri. Nikawapigia ajenti hapo hapo mbele yake, simu ikalia mpaka ikakatika. Nikampa namba ya ghala, akapiga yeye, akajibiwa kwamba jina hilo halimo kwenye orodha ya wafanyakazi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti mbele yake nikiisikia sauti ya simu. Naijua ile sauti. Ni ya mtu niliyemsalimia kila asubuhi.

Kazi ile sikuipata, na simlaumu yule msimamizi.

Kifungu cha 51 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, ilimradi amefanya kazi wiki nne mfululizo. Kinaonyesha umeanza lini, umemaliza lini, ulifanya kazi gani na wapi. Ni ukurasa mmoja. Hakimgharimu mtu hata shilingi mia. Kifungu cha 20 nacho kinataka mfanyakazi apewe taarifa ya maandishi ya mshahara na makato yake. Sikuwahi kupata pesilipu. Pesa ziliingia kwa M-Pesa Jumamosi, wakati mwingine Jumatatu, bila maelezo. Nilipokwenda kuangalia akaunti yangu ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, nikakuta michango ya miezi 17. Ukiondoa zile wiki za kukaa nyumbani, nilifanya kazi miezi 42. Hiyo mingine 25 niliambiwa inakatwa. Ilikatwa ikaenda wapi?

Ajenti alituahidi daraja. Daraja la kumvusha mtu kutoka kukosa kazi ni hiyo karatasi inayosema huyu tumemjaribu, anaweza. Bila hiyo, siku mkataba unapokwisha unarudi kule kule ulikoanzia, umeongeza umri tu. Wanaovuka Likoni wataelewa: ni kama kupanda feri, ikazunguka katikati ya maji, ikakushusha upande ule ule uliopandia.

4. Mtu akiumia

Agosti 2022 paleti iliteleza kwenye foklifti ikambana kijana mmoja vidole viwili. Tulimfunga na leso yangu. Supavaiza wa ghala akasema aitwe mtu wa ajenti, kwa kuwa ni wao wanaohusika. Mtu wa ajenti akasema kwenye simu kwamba ajali imetokea ndani ya ghala, ghala ligharimie. Dakika 40 nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, kijana amekaa juu ya gunia, damu inachuruzika kwenye sakafu ambayo tunaagizwa kila siku isiwe na hata tone la maji. Mwishowe sisi tulichanga, tukamwita tuktuk, tukampeleka hospitali. Kidole kimoja hakikuokoka.

Sheria ya fidia za majeraha ya kazini ya 2007 inamtaka kila mwajiri awe na bima kwa watu wake. Kijana yule hakuwahi kufahamishwa mwajiri wake kwenye bima hiyo alikuwa nani. Wiki iliyofuata namba yake ilitolewa kwenye orodha ya wanaoitwa kazini.

5. Pesa za fomu

Kila aliyejiandikisha alitoa KSh 1,500 za fomu, na KSh 600 za aproni zikakatwa mwezi wa kwanza. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 umeweka msingi kwamba mtafuta kazi asitozwe na ajenti. Sina la kuongeza hapo. Anayeomba kazi hana pesa, ndiyo maana anaomba kazi.

6. Kunyamazishwa bila kufukuzwa

Orodha ya kesho ilikuja kwa ujumbe wa simu kila siku saa moja jioni. Tarehe 9 Desemba 2024 nilimuuliza supavaiza, kwa adabu na mbele ya watu, kama siku zetu za likizo zipo. Jioni ile ujumbe haukuja. Nilidhani mtandao. Nikazima simu nikaiwasha, nikamwomba jirani anitumie ujumbe nione kama unaingia. Uliingia. Kesho yake nikaenda getini, askari akaniambia kwa huzuni kwamba jina langu halipo. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna barua, hakuna notisi, hakuna sababu. Nilikaa na simu mkononi kila jioni mpaka Krismasi.

Waheshimiwa, najua mtakayojibu, kwa kuwa nimeyasikia kwa wasaidizi wenu.

Mtasema kwamba bila ajenti vijana wa Mombasa wasingekuwa na hata hicho kidogo. Ni hoja nzito na siipuuzi, maana mimi mwenyewe iliniingiza ndani. Lakini tuliingia watu 22 Machi 2021. Nimewahesabu kwa majina. Waliochukuliwa na kampuni ni wawili. Na si hapa kwetu tu. Wanauchumi wawili wa Marekani, David Autor na Susan Houseman, walichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu mpango wa kuwatafutia kazi watu maskini katika jiji la Detroit. Waliopelekwa kwenye kazi za muda za ajenti hawakuwa na kipato bora baadaye, na huenda kilishuka. Waliopelekwa kwa mwajiri moja kwa moja ndio walioinuka. Detroit si Changamwe, nakubali, na mpango ule ulikuwa wa serikali. Lakini niliposoma hayo nilihisi mtu ameandika habari za ndugu zangu 20 waliobaki.

Mtasema biashara ya chai ina misimu, hamwezi kubeba watu wote mwaka mzima. Kwa wapakiaji wa msimu, pengine. Kiti cha mizani kilikuwa na mtu kila siku ya kazi kwa miezi 45. Huo ni msimu gani?

Na kila mmoja wenu atasema mwajiri ni yule mwingine. Afrika Kusini walilikata jambo hili kwa sheria iliyoanza Januari 2015: mfanyakazi wa kipato cha chini aliyeletwa na ajenti, akipitisha miezi mitatu, anahesabiwa kuwa wa kampuni anayoifanyia kazi, na hafanyiwi ubaguzi dhidi ya wenzake. Mahakama yao ya Katiba ikalithibitisha mwaka 2018. Maajenti wa huko bado wapo. Sisi Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Kwa hiyo hamna haja ya kungoja mpaka Bunge letu litunge kama ya Afrika Kusini ndipo mfanye lililo sawa.

Ninaloomba ni haya. Cheti changu cha utumishi, cha tangu Machi 2021 hadi Desemba 2024, kiandikwe na kutiwa sahihi kabla ya tarehe 30 Juni. Atie sahihi yeyote kati yenu, au nyote wawili. Nipewe maelezo ya maandishi ya malipo na makato ya mikataba yote 14, na ile miezi 25 ya NSSF ipelekwe ilikotakiwa kwenda. Likizo ambazo sikuzipata zihesabiwe. Kijana wa kidole aitwe, aelezwe bima yake iko kwa nani, na asaidiwe kudai. Naandika kwa idhini yake.

Kwa walioko ndani leo naomba zaidi. Anayefikisha miezi mitatu kwenye kiti ambacho hakikai wazi, kampuni imwajiri, au imwandikie sababu ya kutomwajiri. Ada za fomu zikome. Na pale getini, kwenye ubao ule wa matangazo, liandikwe jina moja na namba moja ya simu ya mtu wa kuitwa pindi mfanyakazi anapoumia, awe wa ghala au wa ajenti, mradi ajulikane.

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ipo hapa Mombasa, na sheria inanipa miaka mitatu ya kwenda. Nakala ya barua hii naipeleka Wizara ya Leba. Hata hivyo ningependa zaidi tukae mezani. Kazi yenu niliipenda, na kama kiti kile bado kipo na kina mkataba wa kweli, nitarudi kesho asubuhi.

Namba yangu mnayo. Ni ile ile mliyokuwa mkiitumia ujumbe kila jioni saa moja.

Wenu kwa heshima,

Karani wa mizani ya kwanza, shifti ya asubuhi
Machi 2021 – Desemba 2024